Mkongwe wa Kwanza wa Tsaopi

Kama gazeti la wiki iliyopita, lililoanza kisa hiki, lilifungiwa samaki kabla hujalisoma, hali yangu ni hii. Kampuni iliyoniajiri Taipei imefungwa. Pikipiki yangu imeibwa. Nimerudi kwetu Tsaopi na ninalala kwenye kitanda nilicholalia nikiwa mwanafunzi, miguu ikining'inia nje. Mchumba wangu Pi-yueh bado anakubali kuolewa nami, ila kwa sharti moja: bibi yake aseme ndiyo.

Bibi yake, Bibi Bongchi, ana miaka mia moja na mmoja. Hajasema ndiyo. Hapana pia hajasema.

"Nitasema neno langu sikukuu ya wazee," aliniambia. "Nikishavishwa pete."

Sikukuu hiyo ni ya tarehe tisa, mwezi wa tisa, kwa hesabu ya mwezi mwandamo. Kila mwaka siku hiyo mkuu wa mji humvisha mkongwe kuliko wote pete ya dhahabu. Kwa miaka mingi Bibi Bongchi alikuwa wa pili, nyuma ya Mzee Yen wa kiwanda cha sukari, ambaye alikuwa hana haraka ya kwenda popote. Majira ya kuchipua ya mwaka huu Mzee Yen alifariki. Bibi alikwenda mazikoni, akalia vizuri, na aliporudi akapitia kwa fundi cherehani.

Kwa hiyo ndoa yangu ilikuwa inangoja pete, pete inangoja orodha ya wazee, na orodha ilikuwa inatoka kwenye kompyuta niliyokuwa nimekaa mbele yake mimi, kibarua mpya wa ofisi ya mji. Nikajiambia kwamba kwa mara ya kwanza mwaka huu nimekaa upande mzuri wa meza.

*

Vijiji vyetu vyote vilikuwa vimeagizwa kuleta kumbukumbu zao kwa hati za XML. Hati ya namna hiyo si ngumu. Kila habari huwekwa katikati ya lebo mbili, ya kufungua na ya kufunga, kama chakula kilichofungwa kwenye jani na kuandikwa jina juu yake.

Taabu ni kwamba kila kijiji kilijitungia lebo zake. Kimoja kiliandika "mkazi", kingine "mtu wa nyumba", cha tatu kiliandika "kichwa". Kanzidata ya mji, ghala la kumbukumbu zote kwenye kompyuta, haijui utani huo. Ina majedwali, majedwali yana safu, na kila habari lazima iwe na safu yake ya kukaa.

Kazi yangu ilikuwa kuandika faili la katikati, linaloitwa metadata, yaani habari zinazoeleza habari. Faili hilo husema: ukikuta lebo hii, ipeleke safu ile, ukikuta hii nyingine, ni ndugu yake, walaze pamoja. Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza nikiwa nimesimama kwenye maduka ya vitabu ya Taipei, mpaka wauzaji wakazoea kufagia kunizunguka.

Kanuni yangu ya kwanza ilikuwa fupi, na niliipenda kwa ufupi wake. Chochote chenye jina, tarehe ya kuzaliwa na mahali pa kukaa, ni mkazi.

Asubuhi moja mkuu wa mji, Mheshimiwa Ting, akaniita. Alikuwa ameishika orodha ya wazee kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba supu.

"A-Tsai, funga mlango. Huyu Fu Te-cheng unamfahamu?"

"Hapana, Mheshimiwa."

"Ana miaka mia moja thelathini na nne."

Nikainama kuitazama orodha.

"Anakaa ukingoni mwa mfereji wa maji," akaendelea. "Miaka yote hiyo kakaa kimya, hajaomba hata kibali cha choo. Mtu mzee kuliko wote duniani yuko kwenye mji wangu, na mwakani kuna uchaguzi."

"Mheshimiwa, labda nihakikishe kwanza."

"Kompyuta imekosea?"

"Kompyuta haikosei, ila mimi..."

"Basi kama haikosei, tusiisumbue."

Akamwita mkuu wa kitengo chetu, Bwana Ou, aliyezaliwa Tsaopi na anayemjua kila mtu mpaka mbwa wake. Akamwonyesha lile jina. Bwana Ou akaliangalia, akauangalia uso wa mheshimiwa, akaona umejaa furaha.

"Mzee Fu," akasema Bwana Ou polepole. "Nadhani marehemu babu aliwahi kumtaja."

Kufika adhuhuri gari la matangazo lilikuwa linapita mitaani na kipaza sauti juu. Mkongwe wa Tsaopi, Mzee Fu Te-cheng. Fahari yetu. Fahari ya dunia. Watu wa runinga wamealikwa.

*

Pi-yueh anauza tambi karibu na kituo cha mabasi. Aliponipigia simu nilisikia masufuria yakigongwa kwa nguvu kuliko ilivyo lazima.

"Umemfanya nini bibi yangu?"

"Sijamfanya kitu."

"Amevua nguo mpya. Amezikunja. Nimempikia miguu ya nguruwe na tambi nyembamba, chakula cha maisha marefu, amesema nimpelekee huyo Fu, maana yeye ndiye anayestahili kuishi."

Nikaenda. Bibi Bongchi alikuwa kwenye kiti chake cha mwanzi, ameigeuzia barabara mgongo.

"Bibi, umeshakula?" nikamsalimu.

"Wa pili hali. Wa pili anangoja."

"Bibi, huenda kuna kasoro kidogo."

"Mtoto wa Liao," akaniita kwa jina la ukoo wetu, "sikiliza. Mimi nimekaa hapa tangu Wajapani wanatutawala na kupima mashamba. Namjua aliyechimba huo mfereji na namjua aliyetumbukia humo amelewa. Huyo Fu ni mtoto wa nani?"

"Sijui, Bibi."

"Kaoa wapi?"

"Sijui."

"Meno anayo?"

Pi-yueh akanitazama juu ya kichwa cha bibi yake. Nilisema ya meno pia siyajui.

"Basi nenda kaulize," akasema Bibi. "Na kama ni kweli, mimi nina subira. Nilimsubiri Yen, nitamsubiri na huyu. Na wewe utasubiri pamoja nami."

Nilipiga hesabu ya kusubiri huko, nikarudi ofisini kwa miguu ya haraka.

Nikafungua hati yenyewe, kama ilivyoletwa. Haikutoka kijijini. Ilitoka kwenye hekalu la ukingoni mwa mfereji. Hekalu lina mashamba, na kwa makaratasi yetu mwenye mashamba ni mungu mwenyewe. Hakuna anayeshangaa hilo kwetu. Mungu ana ardhi, ana kodi, ana tarehe ya kuzaliwa, ana mahali pa kukaa. Mzee Khu, mwenyekiti wa hekalu, alijaza kila kitu kwa uaminifu, na kwenye mwaka wa kuzaliwa aliandika mwaka sanamu ilipoingia hekaluni. Wenzake watano wa hekalu hilo hakuwaandikia mahali pa kukaa, kwa kuwa wao ni wageni wake, ndiyo maana kanuni yangu iliwaruka.

Jina lilikuwa Fu-te Cheng-shen, mungu wa ardhi, ambaye kila mtoto wa Tsaopi amewahi kumwibia machungwa mezani pake. Kwa maandishi yetu ya Kichina jina hilo ni herufi nne, na ya mwisho maana yake ni mungu. Lakini watu wetu huwa na majina ya herufi tatu, kwa hiyo safu ya majina niliipimia tatu. Herufi ya nne ilibaki nje.

Nilikuwa nimemvua uungu mlinzi wa mashamba yetu kwa kumpa chumba kifupi.

*

Nilimweleza Mheshimiwa Ting kwa utaratibu, hatua kwa hatua. Alisikiliza yote, kisha akauliza swali moja.

"Kwa hiyo hapigi kura?"

"Hapana, Mheshimiwa."

"Mfute."

Sijui nani alimwambia Mzee Khu. Kabla sijakaa kitini alishaingia, ana fulana ya hekalu na kofia ya plastiki ya baiskeli bado kichwani.

"Nimesikia gari la matangazo," akasema. "Tumefurahi sana. Watu wanaoleta ubani wameongezeka maradufu tangu jana. Sasa nasikia mnataka kumfuta."

"Ni marekebisho tu, Mzee Khu," mheshimiwa akasema.

"Mmemuuliza?"

"Nani?"

"Mwenyewe."

Mheshimiwa Ting anaujua mji wake. Mzee Khu ana washirika wa hekalu mia tano, na wote, tofauti na mungu wao, wanapiga kura. Tukaenda hekaluni.

Kuuliza ni kwa vipande viwili vya mti, umbo la mwezi mchanga, bapa upande mmoja na vimebinuka upande wa pili. Vikianguka kimoja hivi na kimoja vile, mungu amekubali. Vikilala vyote chali, mungu anacheka. Vikilala vyote kifudifudi, amekataa.

Mheshimiwa akapiga magoti, akajitambulisha kwa jina, anwani na chama, akauliza kama anaweza kumfuta mwenye nyumba kwenye kanzidata. Vikalala chali.

"Anacheka," akasema Mzee Khu.

Akauliza tena. Vikalala chali tena.

"Swali ndilo baya," Mzee Khu akasema. "Wewe, Bwana Kompyuta, hakuna njia nyingine isipokuwa kufuta? Na mtu ukimkuta kwenye kiti kisicho chake unamuua?"

Nikafikiri. "Anaweza kuhamishwa. Tuweke jedwali la miungu peke yao, na ardhi zao, na safu ya jina ndefu."

"Ndefu kiasi gani?"

"Atakavyo."

Mheshimiwa akauliza hivyo. Kimoja kikalala chali, kimoja kifudifudi. Mzee Khu akanipigapiga begani, akasema kumbe nina adabu.

Kesho yake gari la matangazo likapita tena. Likasema Mzee Fu Te-cheng amehama makazi, na mji unamtakia heri huko aendako. Watu wa runinga wakaambiwa waje hivyohivyo, sherehe ipo. Bibi Bongchi, Pi-yueh aliniambia, aliomba pasi ya nguo.

*

Sasa nilitakiwa kuiambia metadata namna ya kumtambua mungu. Hili nililifanya kwa uangalifu, na ndiyo maana linaniuma.

Sikutaka kumtafuta kwa jina. Miungu ina majina mengi, na watu nao hupeana majina makubwa. Nikatafuta alama iliyo kwenye hati zenyewe. Nikaiona. Miungu yote sita ya hekalu, tarehe zao za kuzaliwa zilikuwa za mwezi mwandamo, na lebo ya tarehe ilisema hivyo wazi. Watu, tarehe zao zilikuwa za kalenda ya serikali, kwa miaka inayohesabiwa tangu Jamhuri ianze. Mungu wa ardhi huandaliwa karamu mwezi unaposema. Mtu huzaliwa siku karani anayoandika.

Nikaandika kanuni: penye tarehe ya mwezi mwandamo, peleka jedwali la miungu.

Nikalinganisha na hati za vijiji. Cha kwanza sawa, cha pili sawa, cha tatu sawa. Cha nne sikukifungua, maana Mheshimiwa Ting alikuwa mlangoni anaitazama saa yake, na orodha mpya ilitakiwa kwa wapiga chapa.

Niliendesha kazi. Mzee Fu akatoweka kwenye orodha ya wazee. Nikavuta pumzi. Sikusoma orodha hadi chini, wala hadi juu.

Siku ya sikukuu ukumbi ulijaa. Wazee walikaa mbele na maua ya karatasi vifuani, wajukuu nyuma, watu wa runinga pembeni. Mimi niliwekwa kwenye meza ndogo na kompyuta, ili majina yatokee ukutani yanaposomwa. Bibi Bongchi alikuwa katikati, nguo ya zambarau, nywele zimepakwa mafuta. Aliponiona alitikisa kidole chake cha pete. Pi-yueh akacheka, na ulikuwa muda mrefu sijamwona akicheka.

Mheshimiwa Ting akafungua bahasha.

"Mkongwe wa kwanza wa mji wetu," akasoma, "Mzee Chan A-shui, miaka tisini na saba."

Mzee Chan huuza vitunguu sokoni. Aliamka kwa sababu mtu alimgusa, akanyoosha mkono kwa sababu mwingine aliunyoosha. Pete ikaingia. Vidole vya mtu aliyefunga mafungu ya vitunguu maisha yake yote ni vinene, na ilibidi mheshimiwa asukume.

Hakuna aliyepiga makofi. Wote walikuwa wanamwangalia Bibi Bongchi, na Bibi Bongchi alikuwa ananiangalia mimi.

Pi-yueh alifika mezani pangu kabla sijashika kibodi.

"Yuko wapi?"

"Natafuta."

"Umempoteza bibi yangu?"

Nikamtafuta kwa jina kwenye jedwali la wakazi. Hayupo. Nikamtafuta kwenye waliofariki. Hayupo, na nilishukuru. Kisha nikafungua jedwali la miungu.

Alikuwa wa saba. Jina lake lote, bila kukatwa hata herufi, maana safu hiyo niliifanya ndefu. Mahali anapokaa: kichochoro cha nyuma ya kituo cha mabasi. Tarehe ya kuzaliwa: ya mwezi mwandamo.

"Hati ya kijiji chenu," nikamwambia Pi-yueh kwa sauti ndogo, nikikumbuka kile cha nne nisichokifungua, "nani aliijaza?"

"Karani. Alimuuliza Bibi tarehe ya serikali. Bibi akamwambia serikali ilimkuta ameshazaliwa."

Hapohapo nje pakalia fataki. Ngoma ikafuata. Mlango ukafunguka, akaingia Mzee Khu na kamati nzima ya hekalu, vijiti vya ubani vikifuka mikononi mwao, na nyuma yao mabinti wawili na sinia la keki nyekundu zenye umbo la kobe.

"Tumepata orodha yetu ya miungu leo asubuhi," Mzee Khu akautangazia ukumbi. "Tumeona tumeongezewa mmoja. Hekalu halikuwa na taarifa. Tunaomba radhi kwa kuchelewa kumpokea."

Akaenda moja kwa moja mbele ya kiti cha Bibi Bongchi, akainama mara tatu. Kamati ikainama. Kamera za runinga, ambazo zilikuwa zimeshaanza kufungwa, zikafunguliwa.

"Wanataka nini hawa?" Bibi akamuuliza Pi-yueh.

Pi-yueh akanitazama kwanza. "Wanasema wewe ni mungu, Bibi."

"Nani kasema?"

"Ofisi ya mji."

Bibi Bongchi akaupokea ubani, akaunusa, akaurudisha. Mheshimiwa Ting alikuwa ameshafika mezani pangu, anatabasamu kwa ajili ya kamera na kuniongelesha kwa pembe ya mdomo.

"Mrudishe. Sasa hivi."

"Ni mstari mmoja, Mheshimiwa. Dakika moja."

"Na pete?" akauliza Pi-yueh.

Tukageuka. Wajukuu wawili wa Mzee Chan walikuwa wanaivuta. Mtu alikuwa amekwenda kutafuta sabuni.

"A-Yueh," Bibi akamwita Pi-yueh kwa jina la nyumbani. "Kwenye hiyo orodha, mimi ni wa ngapi?"

"Wa saba, Bibi."

"Walio mbele yangu wana umri gani?"

"Wa kwanza ana mia na thelathini na kitu. Wengine wamemzidi."

"Kwa hiyo mimi ndiye mdogo."

"Ndiye mdogo, Bibi."

Akalifikiria hilo. Uso wake ulilegea kwa namna ambayo sijawahi kuiona.

"Ni muda mrefu," akasema, "sijawa mdogo mahali popote."

Nikasogea nikapiga magoti karibu na kiti chake. Sikujali tena kamera. "Bibi, kosa ni langu. Nikikurudisha utakuwa wa kwanza. Pete itatoka, sabuni inakuja. Halafu utasema lile neno ulilotuahidi. Nikikuacha huko juu, pete ni ya Mzee Chan, na neno..."

"Neno niliahidi siku ya pete," akasema Bibi. "Sikuahidi siku ya ubani."

Pi-yueh akainyanyua kompyuta mezani, akaniwekea magotini. "Mrudishe," akasema. "A-Tsai, mrudishe sasa."

Mkono mwingine ukaja juu ya kibodi. Ulikuwa wa Mzee Khu, ukinuka ubani, na haukuwa mwepesi.

"Kijana, utaratibu unaujua. Ulikuwepo. Hakuna mungu anayeondolewa kwenye jedwali lake kabla ya kuulizwa."

"Basi muulizeni," Mheshimiwa Ting akasema. "Si huyu hapa amekaa?"

Sote tukamgeukia Bibi Bongchi. Alikuwa ameweka mikono juu ya magoti, mgongo umenyooka, keki za kobe mbele yake na moshi ukimpanda hadi kwenye nywele. Nilimwita mara mbili kwa heshima zote. Pi-yueh alimwita mara moja, kwa sauti ambayo mjukuu huitumia akiwa karibu kulia.

Bibi akafumba macho, akatulia kama sanamu ya mungu, ambayo hujibu kwa vipande vya mti tu.